Kufufua injini ya Honda CG125 ya zamani ukiwa nyumbani kwako

Wakuu habari zenu, hii naiandika kwa ajili ya yule mwenye CG125 ya zamani imelala stoo au imeegeshwa nyuma ya nyumba inaota kutu, naongelea zile za mwanzo mwanzo zenye pointi (swichi ndogo ya kukata umeme ili plagi itoe cheche) na umeme wa volti 6, sio hizi za Kichina za bodaboda. Yangu ilikuwa ya marehemu baba mdogo, alikuwa bwana shamba, kazunguka nayo vijiji vyote vya kahawa huko Mbozi, alipofariki ikakaa chini ya turubai miaka 11 hakuna aliyeigusa. Nilipoichukua kila mtu aliniambia toa hiyo injini weka ya Kichina, siku mbili unatembea. Nikakataa, kwa sababu injini ndo pikipiki yenyewe. Honda waliitoa hii 1976 kwa ajili ya watu kama sisi, barabara mbovu na fundi yuko mbali, wakaachana na cheni ya taimingi kama ya CB125 wakaweka gia na pushirodi (vijiti vya kusukumia valvu) ambazo hazina cha kulegea, na hizo injini nyingi za boda unazoziona leo zimeigwa humo humo. Sasa unatoaje mama unaweka mtoto?

Kazi yote ilinichukua miezi minne ya jioni na wikiendi. Nakuelezea nilivyofanya, na pale nilipokosea nitakwambia ili wewe usikosee.

Kabla hujashika spana

Usipige kiki. Najua mkono unawasha lakini usipige. Injini iliyolala miaka ringi za pistoni zinakuwa zimegandiana na kutu ya silinda, ukilazimisha unavunja ringi na inachana ukuta wa silinda ambao pengine ulikuwa mzima. Toa plagi, mulika tochi ndani, afu mimina dizeli iliyochanganywa na hidroliki ya giaboksi za otomatiki, nusu kwa nusu, kama vijiko vitano vya chakula. Acha siku tatu, ongeza, acha tena. Baada ya wiki ondoa kifuniko cha upande wa magneti (gurudumu zito la kuzalisha umeme), weka soketi kwenye nati ya magneti na jaribu kuzungusha taratibu kwa kurudi nyuma na mbele, yaani kutikisa tu. Yangu ilikubali siku ya tisa, nikasikia kitu kama kijiti kikavu kinakatika afu ikaanza kuzunguka.

Kama yako inazunguka tangu mwanzo basi una bahati, hapo unaweza kupima kompresheni kienyeji, kidole gumba kwenye tundu la plagi na mtu apige kiki. Ikiwa dhaifu mwaga kijiko kimoja cha oili ndani ya tundu la plagi afu rudia, kama sasa imekuwa na nguvu tatizo ni ringi au silinda, kama imebaki vile vile basi valvu hazifungi vizuri. Hiyo inakusaidia kujua unaenda kukutana na nini.

Vifaa, na habari ya skrubu

Soketi za 8 hadi 19, fila geji (vipande vyembamba vya kupimia mwanya), vania (rula ya kubania ya kupimia upana), nyundo ya plastiki, pula ya magneti (hii ni lazima, nunua ya CG, bei yake ndogo) na bisibisi ya kugonga, ile ambayo ukiipiga nyundo kwa juu inajisokota yenyewe. Hii ya mwisho usiseme utaazima baadaye. Skrubu za vifuniko vya Honda za zamani zina msalaba, na ule msalaba sio sawa na wa bisibisi za kawaida za dukani, zile za kawaida zina ncha kali inayokaa juu juu haizami mpaka chini, ukikaza mkono inateleza inakula meno ya skrubu na ukishakula meno hapo ni kuchomelea nati au kutoboa. Mi niliharibu mbili kwenye kifuniko cha klachi kabla sijanunua bisibisi ya kugonga, hizo mbili zilinila Jumamosi nzima, zile nyingine tisa nilizitoa dakika kumi.

Ukitoa skrubu usizimwage kwenye kopo. Chukua boksi la karatasi ngumu, chora umbo la kifuniko, toboa tundu kila palipo na skrubu, afu kila skrubu ichomeke pale pale ilipotoka, kwa sababu urefu wake haulingani na ukiweka ndefu kwenye tundu fupi unapasua krenkesi (kasha la chini la injini). Vitu vidogo vya ndani weka kwenye trei ya mayai, kila shimo na kundi lake. Na piga picha kwa simu kila hatua, hata ile unayoona ya kijinga.

Kushusha na kufumua sehemu ya juu

Mwaga oili kwanza, iangalie. Ikiwa na mng'ao wa dhahabu nyekundu jua kuna bushi ya shaba inalika mahali, ikiwa ya rangi ya chai ya maziwa maji yaliingia. Ondoa ekzosi, kabureta, waya, cheni, boliti za kushikilia injini, afu ishushe. Ni nyepesi, mtu mmoja anaibeba, lakini ikishafika mezani iegemeze kwa mbao isibiringike.

Zungusha mpaka alama ya T kwenye magneti ilingane na alama ya krenkesi na roka (vidole vinavyobonyeza valvu) zote mbili ziwe zinacheza, hapo pistoni iko juu na valvu zimefungwa zote. Fungua kofia ya hedi, toa roka, chomoa pushirodi. Hizo rodi mbili ziandike kabisa, hii ya kuingiza hii ya kutoa, maana kila moja imeshalikana na mwenzake kwa miaka mingi na ukizibadilishana zinaanza kulana upya. Nati za hedi legeza kwa msalaba, robo robo. Hedi ikigoma usiipenyezee bisibisi kwenye mapezi, yale mapezi ni kama biskuti, gonga pembeni kwa nyundo ya plastiki itaachia. Silinda nayo inapanda juu polepole, na kabla haijatoka kabisa ziba mdomo wa krenkesi kwa kitambaa safi, kipande cha ringi au klipu ya pini ikidondoka humo utalia.

Pima kwanza ndo ununue

Hapa ndo watu wengi wanapoharibu, wanafumua leo kesho wako dukani wananunua pistoni na silinda mpya ya bei rahisi, wanatupa silinda ya Japani ambayo chuma chake huwezi kukipata tena. Silinda ya CG ni milimita 56.5 na pistoni inasafiri 49.5, ndo unapata zile cc 124. Kikomo cha kulika ni 56.6, yaani sehemu moja ya kumi tu ya milimita. Vania ya kawaida haikupi huo uhakika ndani ya silinda, lakini kuna njia ya nyumbani ambayo mi naiamini sana.

Chukua ringi ya juu, ingiza ndani ya silinda peke yake, isukume kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa isiegemee upande, ipeleke chini kabisa ambako pistoni haifiki sana, pima mwanya wa ringi kwa fila geji. Afu ilete juu, kama sentimita moja chini ya ukingo wa juu wa silinda, hapo ndo panapolika zaidi, pima tena. Tofauti ya hiyo mianya miwili gawa kwa 3.14, jibu ndo kiasi silinda ilivyopanuka. Yangu chini ilikuwa milimita 0.30 na juu 0.75, tofauti 0.45, ukigawa unapata 0.14. Imepita kikomo. Pia kulikuwa na vishimo vya kutu pale ringi zilipokuwa zimelala miaka yote, ukipitisha kucha inakwama, kwa hiyo hata bila hesabu ilikuwa lazima ipelekwe kupanuliwa.

Kupanua kunaenda kwa hatua za 0.25, 0.50, 0.75 hadi 1.00. Sasa sikiliza kosa langu. Mi nilipeleka silinda kwa fundi mmoja wa mashine mjini, akaniambia acha, nakupigia 0.50, pistoni utanunua baadaye zote saizi moja. Nikamwamini. Pistoni ilipokuja nikapima, mwanya kati yake na silinda ukawa 0.12 wakati unatakiwa uwe kama 0.03 mpaka 0.05. Nikajipa moyo nikafunga hivyo hivyo, ilipowaka ikawa inagonga kama mtu anapiga kopo kwa kijiti, na moshi juu. Nikafumua tena, nikaenda kwa fundi mwingine nikampa pistoni ya 0.75 mkononi, akaipima yeye mwenyewe kwa maikromita na akakata silinda kwa kufuata ile pistoni. Kwa hiyo pistoni inatangulia, silinda inafuata. Fundi akikataa kupima pistoni yako ondoka na silinda yako.

Pistoni za CG zinapatikana kwa sababu ya boda, nyingi zina pini ya milimita 15 kama ya zamani, ila usinunue kwa jina tu, nenda na ile ya zamani uziweke pamoja juu ya meza ya duka, linganisha urefu kutoka pini mpaka kichwani na zile sehemu za kukwepa valvu. Pesa yako weka kwenye ringi nzuri, pini na klipu mpya. Klipu za zamani usirudishe kamwe.

Upande wa klachi, tope la miaka arobaini

Hii injini haina filta ya karatasi. Ina kijichujio cha waya na ina kile kikombe kinachozunguka kwenye ncha ya krenki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) upande wa kulia, kinatupa uchafu pembeni kwa kasi ya mzunguko na oili safi inaendelea kwenye beringi ya konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki). Sasa hicho kikombe watu hawakifungui, hata mafundi, wanabadilisha oili miaka yote wanajua wamemaliza. Nilipofungua zile skrubu tatu za kifuniko chake nilikuta tope jeusi limeshindiliwa pembeni unene wa kidole, gumu kama ugali uliolala, nikalikwangua kwa kijiti cha mwanzi (sio kwa chuma) na kwenye kile kijiti zilikuwa zinameta chembe za aluminiamu. Hiyo ni historia yote ya pikipiki imejikusanya humo, na ikijaa kabisa tope linaanza kwenda kwenye konrodi. Kama kwenye mwongozo huu wote utafanya kitu kimoja tu kwenye CG yako inayotembea, basi fungua hicho kikombe.

Nati yake ina mikato minne, soketi ya kawaida haiingii. Fundi wa kuchomelea atakutengenezea kwa kipande cha bomba, unakata meno manne kwa msumeno na tupa, unachomelea nati juu. Kuzuia krenki isizunguke weka kipande cha aluminiamu laini katikati ya meno ya gia mbili za mbele, usiweke bisibisi.

Chini, kufungua au kutofungua

Shika konrodi pistoni ikiwa imetolewa, ilete juu kabisa, afu ivute juu na kuisukuma chini wima. Ukisikia hata kakitu kadogo, tok, hiyo beringi ya chini imekufa na lazima krenkesi ipasuliwe. Kucheza kushoto kulia kidogo ni kawaida, usiogope hilo. Zungusha krenki kwa mkono usikilize beringi, ikiwa inakwaruza kama mchanga nayo inatoka.

Kama viko vizima na gia zilikuwa zinaingia vizuri usipasue. Nasema hivi kwa moyo wote, kuna watu wanapasua ili waone, na kitu kilichokaa sawa tangu kiwandani wanakirudisha kikiwa kimepinda. Badilisha oili sili za nje basi.

Ikibidi kupasua, skrubu zote zitoke, zitafute mara mbili, halafu gonga kwa plastiki, usichokonoe sehemu ya kuungana kwa bisibisi maana hapo ndo patavuja milele. Beringi mpya nunua kwa namba iliyochongwa pembeni ya ile ya zamani. Kuitoa, chemsha maji sufuria kubwa, mwagia lile pango la beringi mpaka aluminiamu ipate moto vizuri, afu geuza na bamiza kidogo juu ya ubao, inadondoka yenyewe. Mpya ilaze friza usiku kucha na krenkesi ikiwa ya moto na imekaushwa inaingia kwa kusukuma na vidole. Krenki yenyewe kubadilisha konrodi sio kazi ya nyumbani, inataka presi na saa ya kupimia, peleka.

Kuosha

Mafuta ya taa na brashi, nje na ndani, mbali na jiko na mbali na watoto, petroli usioshee. Kisha maji ya moto na sabuni ya unga. Usikubali kupigiwa mchanga wa presha eti ing'ae, chembe zinaingia kwenye vijia vya oili hazitoki, zitatoka siku injini ina moto. Silinda iliyotoka kupanuliwa ioshe kwa maji ya moto na sabuni mpaka kitambaa cheupe kikipita ndani kinatoka cheupe. Mi nilirudia mara sita. Ikishakauka paka oili hapo hapo, usiende hata kupokea simu, chuma kitupu kinaanza rangi ya chungwa ndani ya dakika chache.

Hedi

Toa valvu, saga kwa dawa ya kusagia na kile kijiti cha mpira, zungusha mbele nyuma huku unanyanyua mara kwa mara, mpaka upate mstari wa kijivu uliozunguka bila kukatika. Osha dawa yote. Rudisha spring, geuza hedi, jaza mafuta ya taa kwenye tundu la kabureta na la ekzosi, kaa robo saa. Kukilowa upande wa pili saga tena. Sili ya valvu weka mpya, bei yake kama soda.

Kufunga

Kila kinachosuguana kipake oili. Pistoni ina maandishi IN, hayo yanaelekea upande wa kabureta. Mwanya wa ringi kwenye silinda mpya uwe kati ya 0.15 na 0.35, ukiwa mdogo kuliko hapo ipige tupa kidogo kidogo, na mianya ya ringi iachane theluthi theluthi ya duara. Alama ya ringi juu. Gasketi ya hedi nunua, za vifuniko unaweza kukata mwenyewe kwa karatasi ya gasketi, na silikoni usijaze, ile inayojikamua ndani ndo inaziba vijia. Ukiwa uliondoa kamshafti (shafti inayosukuma pushirodi) hakikisha nukta ya gia yake na ya krenki zinatazamana.

Pushirodi ukizirudisha zisikilize zinavyokaa kwenye vikombe vyake chini, afu ndo roka. Nati za hedi kwa msalaba, kwa hatua tatu. Tapeti (mwanya kati ya roka na valvu) zote mbili ni milimita 0.08, injini ikiwa baridi kabisa, alama ya T, roka zote zinacheza. Fila inatakiwa ipite kwa kukwaruza kidogo kama unavuta karatasi chini ya kitabu.

Pointi zifungue 0.3 mpaka 0.4. Kujua zinafunguka wakati gani, bana kipande cha karatasi nyembamba katikati yake, vuta taratibu huku unazungusha magneti kulia kwenda kushoto ukiwa umeitazama, karatasi iachie pale pale alama ya F inapolingana. Ikiachia kabla au baada, sogeza sahani. Kabureta isafishe kwa mshipi wa kuvulia samaki, waya wa chuma unapanua jeti. Na tangi usilisahau, kutu ya tangi itaimaliza injini yako mpya ndani ya wiki.

Kuiwasha

Oili lita moja, ya pikipiki, maana klachi inaogelea humo humo na oili nyingine za magari zinafanya iteleze. Toa plagi, piga kiki hata mara 40 mpaka uone oili imefika juu kwenye roka. Ikifika ndo urudishe plagi na uwashe. Moshi wa mwanzo ni ile oili uliyopaka. Iache dakika tatu, zima, ipoe kabisa, rudia.

Kilometa 500 za mwanzo usiivute kwa gia kubwa mlimani na usiiache kwenye mwendo mmoja muda mrefu, panda shuka. Mwaga oili ya kwanza baada ya kama 100, utaona inameta. Kisha injini ikiwa baridi kagua nati za hedi na upime tapeti tena, lazima zitakuwa zimebadilika.

Na utasikia tikitiki kule juu. CG ndivyo ilivyo, pushirodi zinaongea. Atakuja mtu akwambie kaza tapeti ipotee, usikubali, ikinyamaza kabisa ujue valvu ya kutoa haifungi na inaungua. Ya baba mdogo ilikuwa ikipiga hivyo hivyo, tulikuwa tunaijua kwa mbali kabla hajakata kona ya shule, na sasa nikiwasha asubuhi bibi akiwa ndani anauliza nani kaja.